Kwaya Niliyoiacha kwa Jirani

Mutheu mjukuu wangu,

Hujambo huko Mombasa? Babu yako sasa anatembea bila mkongojo, na hapa Kabati mvua imenyesha.

Umeniuliza kwa nini nililia tulipofungua kanisa letu jipya. Nilikuwa msichana upepo ulipoezua lile la kwanza. Walutheri wa usharika wa jirani wakatukaribisha kwao. Tuliketi nyuma kama wageni, mpaka Ndunge wa kwaya yao akanishika mkono. "Hatuna sauti ya pili," akasema. "Njoo." Tangu siku hiyo tumeimba pamoja, tumetembelea wagonjwa pamoja, tumezika pamoja.

Siku ya kuhamia kanisa letu jipya alinibebea vitabu vya nyimbo hadi mlangoni, akaniuliza, "Sasa nitaimba na nani?"

Swali hilo ndilo lililoniliza, Mutheu.

Susu wako