Kuchagua Hita Mwezi wa Agosti

Jumatatu, 1 Agosti 2016

Nimetoka kazini, nimeoga kwa bomba jekundu kama kawaida. Kiangazi hapa Al Nahda, huku jangwani, tunaoga kinyume. Bomba la buluu linaleta maji ya matangi ya paani, na jua limeyachemsha. Hita tumeizima tangu Mei. Maji yanalala ndani ya tangi lake, juu ya dari ya bafu, ambako hewa ya kiyoyozi inapita, yanapoa. Bomba la moto ndilo lenye baridi. Bado nashangaa kila siku.

Jioni tangi la hita limepasuka. Maji ya kutu yamemwagika kutoka darini. Fatma, wa chumba kikubwa, amekimbia na mtoto wake mchanga kifuani.

Jumatano, 3 Agosti

Mwenye nyumba anatoa hita moja, tuchague wenyewe. Ya tangi kama ile ya zamani, au kile kisanduku cha ukutani kinachopasha maji yakipita. Mercy, ninayelala naye chumba kimoja, ni askari wa zamu ya usiku. Anataka kisanduku. Desemba, msimu wa baridi huku, akirudi asubuhi hukuta tumeshamaliza maji ya moto. Nami nimesema kisanduku. Umeme kidogo, hakuna tangi la kuoza. Nimejiona mwerevu.

Fatma hakuwepo. Alimpeleka mtoto kliniki, vipele vya joto. Tumemjibu natur, msimamizi wa jengo, bila yeye.

Ijumaa, 5 Agosti

Ugomvi. Usiku Fatma huteka maji ya bomba la buluu, huyaacha sebuleni chini ya kiyoyozi yapoe, amwogeshee mtoto. Mercy amerudi hoi, ameyaoga yote.

“Jamani Mercy, hayo ya mwanangu!”

“Ningejuaje? Beseni limeandikwa jina lake?”

Mtoto amelia mpaka sauti imemkauka. Shingo na kifua vimewiva. Nimeweka mkono chini ya bomba la buluu, nikauondoa haraka. Jua ndiyo kwanza linachomoza, na maji yanachoma! Ya jana hayo. Joto limekaa paani usiku kucha.

Hapo nimeelewa. Kisanduku hakina mahali pa maji kulala. Tumechagua tukiiwaza Desemba. Naogopa.

Jumamosi, 6 Agosti

Natur anasema kesho kisanduku kinafungwa ukutani, khalas, yameisha. Atabadilisha, alete tangi, tukikubaliana wote leo. Mercy amekataa. Ana haki. Ni yeye anayesimama nje usiku wa Desemba.

Fatma hakubishana. “Wallahi Mercy, Desemba hakuna atakayeoga kabla yako.”

“Na huyu msomi wetu?”

“Hata mimi,” nimesema.

“Haya. Siku nikikuta yameisha, nitaogea machozi yenu.” Amecheka. Amekubali.

Jumapili, 7 Agosti

Tangi jipya limefungwa darini. Jeupe, nene kama ndama. Limejaa. Hakuna aliyegusa swichi. Tunangoja.

Jumatatu, 8 Agosti

Fatma ameniita bafuni. Maji yametoka baridi. Yale yale ya paani, yaliyokuwa yakichoma jana. Yamelala gizani tu, na joto limeyatoka. Hakuna aliyeyafanyia kitu.

Nimeshika kichwa cha mtoto. Fatma amemmwagia kwa kiganja, shingoni, kifuani. Mtoto ameacha kulia. Amefungua macho, kisha ngumi, kidole kimoja kimoja. Mercy amesimama mlangoni na sare yake. Tulimtazama mtoto mpaka akasinzia mikononi mwangu, bado amelowa.