Sewa na Sawa

Nsemulwa, Mpanda
3 Machi 2024

Dada Mariana, shikamoo.

Glory ametoka kuitumbukiza pasipoti yangu kwenye ndoo ya maji sasa hivi. Namuuliza unafanya nini, anasema, "Naogesa." Nimeianika juani, naandika jicho likiwa kwake. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Sisi wazima. Mama naye huko Usevya mzima, ila mgongo ndio ule ule.

Dada, yule wakala Gideon kapita tena leo. Anasema kabla ya Pasaka niwe nimeshaondoka, nije kufanya usafi wa maofisi kama wewe hapo Dubai, Glory abaki kwa mama. Bado ananyonya! Nakaa nasimama, nakaa nasimama, hata ugali umeungua. Gideon anasema mshahara wa huko haujui kuisha. Niambie wewe. Maisha ya huko yanagharimu nini? Usinifiche kwa kuwa mimi ni mdogo.

Mdogo wako, mama Glory

Dubai
10 Machi 2024

Marahaba, mama Glory.

Kifua kinabana kwa ajili ya kiyoyozi, lakini kazini naenda. Mwambie Glory mama mkubwa kacheka peke yake kwenye basi mpaka watu wakasogea.

Sikiliza. Kampuni yetu haitoi chumba. Nalala na Waindonesia watatu, vitanda vya deka, na Wulan ndiye anayekusanya kodi. Mwezi wa kwanza akawa ananisimamia mlangoni: "Sewa?" Nikajua ananijulia hali, Kiswahili kinamshinda kidogo. Namjibu, "Sawa, sawa!" meno yote nje. Kesho yake, "Sewa?" "Sawa, dada!" Siku ya sita nikakuta godoro langu kwenye korido. Kumbe kwao sewa ndiyo kodi ya chumba!

Siku hizi tunataniana, humu ndani jina langu ni Sawa. Lakini kodi imepanda mara mbili toka mwaka jana, na nauli, na chakula. Wulan ana miaka minane hapa. Kila akikaribia tiketi ya kwenda kumwona mwanaye, kodi inapanda, au nyumbani kuna mgonjwa. Jana alikuwa anamnunulia shati la kumtumia, akatuuliza, "Hivi sasa atavaa saizi gani?"

Ukija tutalala wawili kitanda kimoja, kodi yangu itakuwa nusu. Nakuhitaji, sitakudanganya. Ndiyo maana nimekwambia yote.

Dada yako mkubwa

Mpanda
26 Mei 2024

Dada, shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Huku hatujambo, baridi imeanza kidogo.

Nisamehe kimya. Najua ulikuwa unaangalia simu. Mimi nilikuwa naandika, nafuta. Pasaka ilinikuta Usevya, nilimpeleka Glory kweli, tena nikapaka pilipili kwenye ziwa ili aache. Akaonja, akalia, kisha akalifuta kwa gauni langu akaendelea kunyonya huku machozi yanamtoka. Mama akaniuliza, "Sasa hapo unamkomesha nani?" Nikaenda kunawa, dada.

Siji. Gideon nilimwambia palepale kwenye simu. Akasema, "Utakufa na umaskini wako." Nikamwambia, "Basi nife nimenyonyesha."

Sasa nauza mchele wa Usevya hapa sokoni, mama ananikusanyia kwa wakulima wenzake. Kuna siku unatoka, kuna siku tunatazamana tu mimi na gunia. Lakini naona biashara itakuja kukaa vizuri. Kisichotulia ni moyo, kwa ajili yako. Najua nimekuachia kodi nzima peke yako. Rudi, dada. Usisubiri mpaka uwe na masanduku. Nilivyo na kitanda kimoja tutalala watatu, na ujue Glory anapiga mateke. Wale watakaosema umerudi mikono mitupu niachie mimi, nitawaambia kwamba wewe ndiye uliyeniambia ukweli… ngoja, Evaline wa genge la jirani ananiita, ati gari la mchele limefika. Natuma hivi hivi.