Kijiko Kimoja cha Wali wa Babu

Mshauri mpendwa, nimeshindwa peke yangu, ndiyo maana nakuandikia. Nina shajara ya binti yangu Narae tangu azaliwe, na humo imo asubuhi ya sikukuu ya mavuno, akiwa na miaka minne, alipouona wali tuliomwekea babu yake marehemu akasema, "Babu ameshiba," akaenda kucheza, na alipofika sita, tarehe 29 Septemba, akauliza, "Mbona bakuli bado limejaa?" nikamjibu kwamba marehemu hula mvuke, akaenda kulichungulia tena bakuli. Mwaka huu ana minane. Tulikuwa tumeinama, vipaji vya nyuso sakafuni, tukimngoja babu ale, mara mama mkwe akainuka akapiga kelele, "Mama Narae, njoo uone! Mzee amekula!" na kweli wali ulikuwa umechimbwa, akalia kwa furaha, akawapigia simu dada zake wote, huku mimi nikiona punje mbili shavuni mwa Narae, basi nikamvuta hadi jikoni nikamchapa mwiko kwa kosa la kula kabla ya marehemu, naye akasema, "Sikuwa na njaa, mama. Bibi huliangalia lile bakuli kila mwaka," na leo ni siku ya kumi na moja hanisemeshi. Nimwambie mama mkwe ukweli, au ninyamaze?

Mama Narae, Andong

Mama Narae, pole. Lakini wewe nawe! Miaka minane unaandika tarehe, na siku mtoto alipofanya jambo la kuandikwa ukashika mwiko. Akiwa na minne aliamini. Akiwa na sita alipima bakuli kwa macho. Sasa anajua babu hali wali ule, anajua bibi anatamani ale, na anajua bibi hajui anachokijua yeye. Yote hayo kichwani kwa pamoja, halafu akachagua huruma. Wewe ukaona wizi wa wali!

Bado ni mtoto. Hakuwaza habari za simu, wala mwakani itakuwaje. Hapo ndipo anapokuhitaji. Kwanza mwombe radhi, leo, kabla ya chakula cha jioni, na usiongeze "lakini". Kisha muulize, "Bibi akijua, atajisikiaje?" umsikilize mpaka mwisho hata akikosea. Halafu nendeni wawili kwa mama mkwe, Narae aseme kwa mdomo wake, wewe ukiwa ubavuni. Ukinyamaza, mwakani mtoto atalazimika kula tena, na huo ni mzigo.

Mama mkwe huenda akalia. Mwache alie. Kila sikukuu amelitazama bakuli lile, akidhani hakuna anayemwona.