Maji Yaliyopoa Kando ya Kitanda cha Baba Yako

Kaloleni, Voi.
9 Juni 2025.

Mpendwa mwanangu Mulei,

Pokea salamu za baba yako mdogo Ndambuki, dereva aliyefika Lubumbashi na lori kabla wewe hujaota meno. Joto la Doha linakutendeaje? Na mgongo wako, na hizo saa kumi na mbili za kusimama getini? Mimi mwili upo, tumbo linaongezeka kama kawaida, lakini moyo hauko sawa. Barua hii nampa Nzioka, anayesafiri kuja huko, akuletee, kwa sababu kwa simu ningeanza mzaha, na haya si ya mzaha.

Baba yako bado yuko wodini. Paja lililovunjika pale Salaita, pikipiki ilipomwangusha akitoka Taveta kununua ndizi, linaunga vizuri. Kinachotutisha ni kidonda cha kulala chali, pale chini ya kiuno. Kimefika mfupani, na uchafu wake umeingia kwenye damu. Daktari ametuambia tuwe tayari. Sijui mtu huwa tayari vipi.

Sasa lile neno ulilosoma kwenye grupu ya ukoo, kwamba Kathini, mke wako, nesi wa wodi ile ile, alimwacha mkwewe aoze kitandani. Mulei, mimi ndiye niliyeliandika. Niliandika kwa hasira siku kidonda kilipoonekana. Nasikia tangu siku hiyo hupokei simu zake. Basi nisome mpaka mwisho.

Wewe ni Mkamba, nthoni unaijua. Mke wa mwana hamwoni baba mkwe bila nguo, na mzee hawezi kuvua mbele yake. Kathini akapangiwa vitanda vya upande ule aliolazwa baba yako. Kila asubuhi alileta beseni la maji ya moto, sabuni na taulo, akavuta pazia, akaenda kando kumpa mzee heshima yake. Na mzee, mguu umening'inizwa kwa vyuma, hata kujigeuza hawezi! Lakini akiulizwa, "Baba, umemaliza?" anajibu, "Nimemaliza, mwanangu." Mmoja aliona haya kuuliza zaidi, mwingine akaona haya kusema. Kwa faili ikaandikwa ameoga. Siku kumi na moja.

Utauliza, mbona Kathini hakushuku, na mbona maji yalirudi na povu? Hapo ndipo pananichoma. Mimi nilikuwa naingia na maandazi yangu, napiga domo mpaka wodi nzima inacheka, nikishiba nanawa kwa maji ya baba yako. Siku moja hata uso nikanawa. Nikamwambia, "Kaka, unaletewa maji ya moto kama balozi, halafu unayaangalia tu!" Akacheka kidogo, akageuzia uso ukutani. Mimi huyu, ninayejisifu kwamba namsoma askari wa mpakani kwa macho tu.

Halafu siku mbili sikwenda, nilikuwa na mzigo wa Taveta. Nesi Lois, binti wa kutoka Wusi, mdogo wa mwili lakini si wa akili, akaja kuchukua beseni. Yeye aliangalia. Maji safi kama yalivyokuja, sabuni kavu. Akavuta stuli akaketi, jambo ambalo sijaona mtu akifanya wodini mle. Akasema, "Mzee, sabuni yako ni kavu. Ungependa nani akuogeshe?"

Hakumuuliza mbona hukuoga. Alimuuliza ungependa nani. Ananiambia mzee alimjibu, "Mwanamume yeyote. Lakini msichana wetu asiambiwe, atadhani nimemkataa."

Saa hiyo hiyo akaitwa Hillary, nesi wa kiume kutoka wodi ya pili. Walipomgeuza, harufu ikasema yote.

Siku hizi kila mgonjwa anayelazwa pale anaulizwa swali hilo la Lois kabla hajaguswa. Ni jambo jema. Kwa baba yako limekuja limechelewa.

Kathini ameshaelezwa. Hajitetei. Anasema, "Niliandika kitu ambacho sikukiona." Nimemwambia kosa hili tumelibeba watatu, na fungu langu ndilo zito. Hasikii. Akimaliza kazi anasimama nje ya mlango wa wodi, haingii, na nyumbani mama yako hapokei hata sahani mkononi mwake.

Nimerudi kwenye grupu nikaeleza ukweli wote, beseni na maandazi. Unajua walifanya nini? Walinitumia vikatuni vya kucheka. Wanadhani ni kichekesho changu kingine. Miaka hamsini na mbili nimewachekesha watu, sasa siku ya kusema kweli hakuna anayenisikia. Wewe watakusikia.

Jana nilikuwa nampa baba yako uji kwa kijiko. Akausukuma, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mulei amempigia mkewe?" Nikamrudishia kijiko mdomoni. Akafunga mdomo, uji ukabaki.

Mpigie leo, mwanangu. Daktari hakutupa siku nyingi, na mzee ataniuliza tena.

Binti yako Shanice anakusalimia, ameng'oka jino la mbele. Mama yako Rachel anakuombea kila jioni. Mungu akulinde ugenini na akulainishie moyo.

Ni mimi nikupendaye, na mwenye kosa,
Baba yako mdogo,
Ndambuki.