Soksi ya Krismasi Yenye Jina la Mbuke

Dada Wande,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya cherehani, mlango nimeurudishia, na nje ni mchana kweupe. Wateja wanabisha, nanyamaza. Ungekuwepo ungenicheka, maana ulikuwa ukisema mimi siwezi kunyamaza hata nikiwa usingizini. Begi liko chini ya meza, limeshafungwa. Jirani amemfuata binti yako kanisani kwa pikipiki, na hadi warudi nina muda wa kukuambia tulikofika.

Nianze na jema. Amerefuka, sweta la shule limemwishia juu ya kiwiko. Jino la mbele limeng'oka na sasa anapiga mluzi kupitia pengo, mchana kutwa, hadi kichwa kinaniuma. Walimu wao wa kanisani waliwaambia kila mtoto apeleke soksi kubwa ya kitambaa, zitundikwe kwa ajili ya Krismasi na kujazwa peremende. Akaja anarukaruka: "Mama mdogo, wewe si fundi? Yangu iwe nzuri kuliko zote!" Nikamwambia mimi ni fundi wa sketi na mashati ya shule, soksi ya kitambaa sijawahi kuishona. Akanijibu kwamba soksi ni mguu tu. Nikasikia sauti yako humo ndani, na kidogo nimpige kibao kwa kufanana nawe kiasi hicho.

Nikamsimamisha juu ya gazeti, nikachora mguu wake kwa chaki, nikaupanua pande zote hadi ukawa mguu wa jitu. Kwa kitambaa nikatoa kitenge chako chekundu. Unakijua ni kipi. Ndicho ulichokipasua katikati siku uliyofika Sapiwi kutoka kwa mumeo Malampaka, nusu umembebea mtoto, nusu umefungia mkono uliovunjika. Nilikuwa napalilia pamba na Mama. Nakumbuka ulisimama mwisho wa mstari, hukulia, ukasema tu, "Nimekuja kupumzika." Nilikuwa bado msichana mdogo na nilikuamini. Mama hakukuamini, alitupa jembe chini.

Nakumbuka pia kilichofuata, ingawa mimi na wewe hatukuwahi kukizungumza. Ng'ombe wa mahari walikuwa wametimia wote, kwa hiyo mtoto alikuwa wa kwao, na hakuna mzee hapo kijijini ambaye angesimama kusema vinginevyo. Wazee wao walipotuma habari kwamba wanakuja kumchukua, wewe ulisema, ukimnyonyesha, bila hata kuinua kichwa: "Waambieni amekufa."

Ulijua unachosema. Kwetu mtoto wa kunyonya huzikwa na wanawake, kimya kimya, nyuma ya nyumba, hakuna matanga, na mwanaume mwenye adabu haulizi kaburi liko wapi. Basi tukakusanya udongo kwa viganja kando ya mihogo, sisi watatu, tukautengeneza ukawa kituta kidogo. Nilitaka kuchimba kidogo ili kionekane cha kweli. Mama akanishika mkono, akasema shimo likishachimbwa litadai mtu wake. Wazee wakaja, wakatoa pole, wakanywa maji, wakaondoka. Mama alilia mbele yao machozi ya kweli, na hadi leo sijui alikuwa akimlilia nani.

Juma lile lile mkanileta Bariadi na mtoto, nijifunze cherehani na kumlea mahali ambapo hakuna anayetujua. Nje akawa Neema. Wewe ulikuja siku za mnada, na ulipoingia ulifunga mlango kwanza, ndipo ukamwita Mbuke, jina alilopewa la bibi yake mzaa baba. Nilikuuliza kwa nini unalipenda jina la kwao. Ukasema, "Mama mkwe peke yake ndiye aliyenionea huruma mle ndani." Kisha ukaniomba nikufundishe kutarizi, na wewe mikono yako, dada, Mungu akusamehe, iliweza kuvuna pamba shamba zima ila mshono mmoja wa kunyooka uliishinda.

Ulipofariki kwa ile homa, mumeo alikuja kukuzika huko Sapiwi. Kwa sababu hiyo mimi sikuja. Nilijifungia humu na mwanao, nikamwimbia siku nzima ili asisikie jirani akinipa pole. Sikukuona ukishushwa. Hilo bado linanichoma, na nimekukasirikia kwalo, naomba ulijue.

Basi soksi. Niliishona kwa ndani, nikachanja mikato midogo kwenye kona ya kisigino ili isikunjane, nikaigeuza, nikaipa pindo la lesi nyeupe. Ikatoka nzuri, nami si mtu wa kujisifu. Ikabaki jina. Nikashika uzi wa njano, nikauliza niandike Neema kwa herufi zipi. Akaniangalia. "Andika lile la mama. Lile la ndani." Nilipaswa kukataa. Lakini miaka imepita, dada, na woga nao huchoka. Nikamtarizia: MBUKE. Yeye mwenyewe akaitundika barazani kwenye msumari, katikati ya sketi za shule, na kila mama aliyepita akataka ya mwanawe.

Wiki iliyopita, jioni, akaja mwanaume na suruali iliyochanika gotini.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

Kofia ilikuwa imemfunika, ndevu zimeingia mvi, lakini sauti nilikuwa naijua tangu siku ya harusi yako. Yeye hakunitambua, au ndivyo nilivyojipa moyo. Aliniacha nikipima kiraka, akaishika soksi kwa vidole viwili.

"Hii ya nani?"

"Ya mteja."

"Mbuke." Alilitamka polepole. "Jina la mama yangu hili. Watoto wa siku hizi hawapewi tena."

"Wapo," nikasema. "Wapo wachache."

Wakati huo huo mtoto akaingia kutoka kwenye mazoezi ya kwaya, viatu mkononi, akamwamkia kama nilivyomfundisha. Shemeji akamtazama kwa muda mrefu. Mimi nikakanyaga cherehani bila kitambaa, ili ipige kelele tu.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Neema."

"Neema wa nani?"

"Wa mama mdogo."

"Na mama yako yuko wapi?"

"Yupo Sapiwi."

Ni kweli, dada. Ndivyo nilivyomwambia siku zote. Sikuwahi kupata moyo wa kumfundisha neno lingine. Anajua kwamba upo Sapiwi na kwamba siku moja nitampeleka.

Shemeji akatabasamu, lile tabasamu lililomlainisha Baba hadi akakuoza kwake. Akasema nimshonee na yeye soksi kama ile, kitambaa kile kile, na jina liwe lile lile.

"Ya nani?" nikamuuliza, kwa sababu fundi huuliza.

"Ya mwanangu. Homa ilimchukua bado ananyonya. Kaburi lake sijawahi kuliona, wazee walinikataza kuulizia. Lakini nimezeeka sasa. Krismasi hii nakwenda kulijengea, na soksi nitaiweka pale. Wabeja, mayu," akashukuru.

Macho yake yalilowa. Ningependa kukuambia alikuwa ananitisha, ningejua la kufanya. Lakini yalilowa kweli, na hilo ndilo linalonikosesha raha zaidi, maana mtu anayelia na mtu anayewinda wanaweza kukaa ndani ya suruali moja na sikuweza kujua nimeshonea kiraka yupi.

Nikachukua nusu nyingine ya kitenge, ile ya mkono wako, nikakata. Nimeshona kila kitu ila jina. Kila nikishika uzi wa njano mkono unakataa. Mtoto anapita nyuma yangu anapiga mluzi, mimi nimeshika kitu cha kaburini nataka kumwandikia jina lake. Aliniuliza, "Hii ya pili ni ya nani?" Nikamwambia ni ya mtoto mwingine. Akafurahi. Akasema wataziweka pamoja.

Leo asubuhi Mama kapiga simu kutoka Sapiwi. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona, nami nikajua kabla hajafika katikati. Shemeji kafika mapema na ndugu zake wawili, mkokoteni wa ng'ombe umejaa matofali na mifuko ya saruji. Kasalimia vizuri, kapiga magoti kwenye kaburi lako, kisha kaomba aonyeshwe la mtoto. Na kile kituta, dada, mvua zilishakifuta zamani, mihogo iling'olewa, pale sasa ni pamba imeota juzi. Mama akanyoosha kidole popote.

Walichimba msingi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika jembe. Halafu akasimama, akachukua bonge la udongo, akalivunja kiganjani, akalinusa. Ni mkulima, anaujua udongo. Akasema, "Mama, hapa hapajawahi kuzikwa mtu."

Mama anasema hakupandisha sauti. Alinawa mikono, akaomba maji ya kunywa, akashukuru. Akawaambia nduguze washushe matofali yote na kuyaacha pale pale, maana hayatapotea bure. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeulizia hali ya mazao: yule mdogo wake Wande siku hizi yuko wapi, na je, si alikwenda kujifunza ushonaji?

Mama alinyamaza. Unamjua Mama, kunyamaza kwake ni kujibu.

Kutoka Sapiwi hadi hapa si mbali. Nasikia pikipiki inakuja na naomba iwe ya jirani. Basi la kwanza litakaloondoka ndilo letu, hata liwe linakwenda wapi.

Kuna jambo moja nimeliamua, na ndilo lililonifanya nikae nikuandikie. Yule mtu alimpata binti yako kwa swali moja, mama yako yuko wapi, na atampata tena kwa swali hilo hilo katika mji wowote. Kwa hiyo leo, ndani ya basi, nitamwambia kwamba Sapiwi hakuna mtu anayemsubiri. Nitamwambia umekufa. Nitamwambia pia kwamba mama mdogo ameisha, na akiulizwa popote ajibu kwamba mama yake ni mimi. Atalia, halafu atazoea. Watoto huzoea. Wewe hutakuwa na mtu wa kukuita mama tena, dada, na kazi hiyo naifanya mimi, kwa mikono yangu, niliyeshindwa hata kuja kukuzika.

Lala. Usimsubiri tena.

Mdogo wako,
na kuanzia leo, mama yake Neema.