Nilimshinda Baba Mkwe kwa Mantiki, Nikakosa Mke

Mama Tamar mpendwa, wewe unayejibu barua za wenye shida za mapenzi, kabla hujacheka naomba kwanza unisaidie, maana hapa Butembo wote wameshacheka na hakuna aliyenisaidia.

Mimi naitwa Esdras Muyisa, nauza sabuni sokoni, na tangu askari walipoigeuza shule yetu kambi, Mwalimu Blaise, ambaye serikali ilimtuma huku kutoka Kasai na vita vikamfungia njia ya kurudi, anatufundisha mantiki kwenye baraza la parokia kwa michezo ya mafumbo, vifuniko vya chupa ndio watu wetu, vingine ni wa kijiji cha wakweli ambao hawadanganyi kamwe, vingine ni wa kijiji cha waongo ambao hawasemi kweli hata kwa bahati mbaya, wewe unapewa maneno yao tu utafute nani ni nani, na Mama, katika mchezo huo hakuna anayeniweza, nimefika mahali mtu akiniambia "habari njema" nampima kwanza ni wa kijiji gani.

Basi mwezi uliopita tulienda Kyavinyonge, kule kwa wavuvi, kumposa Kavugho, mimi na baba yangu mdogo Lusenge, ambaye ndiye msemaji wetu, pamoja na mbuzi wa mahari, ambao tuliwapitisha kwenye barrière, kile kizuizi cha barabarani, kwa kuwaambia askari ni mbuzi wa padri, tukafika salama, tukaketishwa, tukapewa samaki, na Mzee Syauswa, baba yake Kavugho, akatuuliza tumefuata nini, baba mdogo akasema tumesikia humu kuna msichana mzuri, mzee akakohoa, akasema:

"Humu hatuna musichana. Banangu, mumepotea njia."

Mama, Kavugho alikuwa anatuchungulia dirishani! Baba mdogo anatabasamu tu, anatafuta neno tamu la kujibu, mimi nikashindwa kuvumilia, nikasimama.

"Mzee, pardon. Musichana iko ao haiko, ya tatu hapana. Kama haiko, tunarudisha mbuzi Butembo. Mais kama iko, umesema uongo."

"Donc miye niko mutu wa uongo?"

"Miye sisemi vile, mzee. Ni logique ndiyo inasema."

Baba mdogo akafunika uso kwa kofia yake, na mzee akasema:

"Muzuri. Sasa ule mutu wa uongo anakuambia hivi: Kavugho, tunakupatia. Ile neno utaifanya nini?"

Na mimi, badala ya kupiga magoti, nikahesabu kwa vidole, nikaona kwamba maneno ya mwongo lazima yageuzwe, basi amenikatalia, nikasema kwa sauti, "Donc umekatala," naye akajibu, "Ni weye umesema," tukafunguliwa mbuzi wetu tukarudi nao, na kwenye barrière askari wakatuuliza kwa nini padri amewakataa.

Mwalimu Blaise aliposikia alicheka hadi machozi, kisha akawapa wenzangu kisa changu wakitatue. Kavugho ametuma neno kwa wauza samaki: "Mumwambie Esdras, kama anapenda kushinda, ashinde peke yake." Baba yake amesema Pasaka ikipita, mlango umefungwa. Mama, nampenda yule msichana hadi usingizi umenikimbia, nimerudia hesabu yangu mara nyingi na sioni kosa liko wapi.

Esdras, Butembo

*

Esdras mwanangu, pole. Kichwa unacho. Kilichokosekana siku ile ni mtu wa kukukalisha chini.

Unatafuta kosa? Yapo mawili, nami sikusomea kwa vifuniko. La kwanza: mtu akisema jambo moja lisilo kweli, hajawa raia wa kijiji cha waongo. Mbuzi wale walikuwa wa padri? Basi kwa hesabu yako wewe nawe ni mwongo, na hata neno lako kwamba unampenda Kavugho tuligeuze. Unaona aibu? Vizuri, ona.

La pili: kabla ya kucheza, mtu huuliza sheria za mchezo. Mwalimu wako akisema kuna kijiji cha waongo, unasimama kumwambia hakipo? Husemi, unacheza. Na posa ina sheria zake, sisi wote tunazijua: wenye nyumba wanakana, wageni wanabembeleza, watu wanacheka, binti anatokea. Baba yako mdogo alikuwa katikati ya mchezo, wewe ukaupiga teke.

Sasa nisikilize. Tafuta mbuzi mwingine, wa faini. Nenda Kyavinyonge kabla ya Pasaka, na Lusenge ndiye aombe radhi, wewe upige magoti. Mzee akisema tena hatuna msichana, tazama viatu vyako. Hata Kavugho akitoka akakaa mbele yako, tazama viatu. Mdomo wako utafunguliwa kwa samaki tu.

Na ukiwa pale magotini, fikiri kwa nini baba hutamka neno lile, "hatuna msichana". Ukishamchukua binti yake, ataamka, ataita jina lake kwa mazoea, na hakuna atakayeitika. Kwa barabara za vita hivi hajui atamwona tena lini. Mzee Syauswa hakudanganya, mwanangu. Alitangulia siku chache tu kusema kweli.