Jiko la Vifaranga

Jumanne, Julai

Vifaranga wote wamekufa, na hakuna hata mmoja mwenye jeraha! Jana, kwa baridi hii ya Makambako, niliwawekea jiko la mkaa stoo, nikaziba kila upenyo kwa magunia.

Mama mkwe alilitaka jiko hilohilo chumbani kwake. Nilimnyima, akalala amenuna.

Asubuhi mume wangu aliingia stoo, akatoka anayumba, ameshika kichwa. "Ni hewa ya mkaa hii. Ingekuwa chumbani kwa mama..."

Mungu wangu.

Mama mwenyewe hajaelewa. Jioni amekuja kajifunika blanketi: "Haya, mwanangu, vifaranga hawapo tena. Sasa niletee jiko langu."